Dinamo ya Komanda Bati

Simu ililia Jeska akichambua maharage uani kwake, mtaa wa Yoba, Gitega. Aliyepiga alikuwa Mahmudu, muuza vipuri vya baiskeli wa Muyinga, rafiki wa kaka yake. Jeska akapokea akicheka, maana Mahmudu hakuwahi kupiga bila utani.

"Dada Jeska, we uko na nani hapo?"

"Niko na Upendo. Vipi, leo utani umekuishia?"

"Kaa chini kwanza, dada. Urbano ametutoka. Alikuwa anafunga cheni hapa dukani kwangu, akainama, basi. Tumemukimbiza ku hopitali, lakini ilikuwa imeisha."

Ungo ukamponyoka. Upendo, binti wa Urbano, akaanza kuokota maharage bila kujua kwa nini shangazi yake amepiga magoti. Jeska alitaka kusema "Bwana asifiwe", kama alivyozoea kusema kwa jema na baya. Midomo ikakataa.

Alikuwa kaka yake wa pekee. Walikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, upande wa Kasulu, na huko ndiko mama yao alikozikwa. Jeska alikuwa mdogo, wakubwa wakamzuia kwenda kaburini. Mpaka leo huota anamtafuta. Waliporudi Burundi walilima pamoja shamba la baba yao kijijini Ryansoro, kisha Urbano akashuka Gitega mjini na spana zake, akawa fundi baiskeli. Mkewe alipofariki akimzaa Upendo, Urbano alimwita Jeska aje wamlee pamoja.

Komanda Bati, mchezo wa Urbano wa kumfurahisha bintiye, alizaliwa mafuta yalipoadimika, magari yakilala kwenye foleni vituoni. Urbano alikata madebe matupu, akajishonea kifua, mabega na magoti kwa waya. Kwenye goti la kulia alifunga dinamo ya baiskeli na kigurudumu chake, na kifuani akatia taa. Akatembea uani, kang'a, kang'a, na taa ikawaka kweli.

"Huyu Komanda hapangi foleni ya mafuta," aliwatangazia majirani. "Nguvu yake iko magotini. Kila hatua inazungusha dinamo, dinamo inalisha kifua, na kifua hicho kikipata moto kinasukuma hata mlima!"

"Fundi, na madebe hayo mke utampata lini?" Mama Pili alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua.

"Anayenipenda atakuja na debe lake!"

Upendo peke yake hakucheka. "Baba, akichoka akakaa chini?"

"Taa inazimika."

"Sasa nguvu atapata wapi, na hawezi kutembea?"

Urbano alijikuna kichwa. "Hapo umenikamata, mama. Ngoja nitoke Muyinga kuchukua vipuri. Nitarudi na jibu."

Sasa Upendo hakulia. Alikaa kitandani amekumbatia kile kifua cha bati, akauliza jambo moja tu: "Jibu langu amemwachia nani?" Jeska alimweleza habari za mbinguni, kwa imani yake yote. Mtoto alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kaburini hatakwenda, na udongo hatatupa, mpaka jibu lije. Jeska akaiona ile ndoto yake ikimsubiri mtoto huyu. Akaomba usiku huo apewe neno. Hakupewa. Asubuhi akambeba Upendo mgongoni, mkubwa vile, wakaenda.

Mahmudu alilileta jeneza kwa pikapu ya kukodi, na baiskeli ya Urbano kando yake; Jeska, Upendo na majirani wakapanda nyuma. Walipokaribia Ryansoro gari likakohoa, likazima. Dereva akagonga usukani. "Mafuta imeisha."

Hakuna aliyelaumu. Wanaume wakalishusha jeneza, wakalitia begani. Kwenye kila kona watu walitoka migombani. Wengine hawakumjua hata marehemu, waliuliza tu jina lake, wakapokea bega la aliyechoka. Mahmudu, ambaye mgongo wake hauwezi mzigo, alisukuma baiskeli nyuma ya jeneza. Hakuwa ameiondoa dinamo kwenye tairi.

"Shangazi," Upendo alinong'ona mgongoni, "taa ya baba inawaka."

"Naiona."

"Lakini baba amelala."

"Baba amelala, mwanangu. Anayetembea ni Mahmudu."

Upendo aliwatazama mwendo mrefu wale waliokuwa wakipokezana mabega. Kisha akaomba kushushwa. Akaenda akashika kiti cha baiskeli.

"Baba Mahmudu, na mimi nisukume."

"Sukuma, mama. We ndiyo uko na magoti mapya."

Jeska akafunika uso kwa kitenge, na hapo ndipo alipolia kwa sauti.

Kaburi lilikuwa tayari karibu na la baba yao. Katekista Ignasi aliongoza sala. Mahmudu alisimama pembeni, viganja wazi, akisoma dua yake. Baiskeli iliegemezwa kwenye mgomba, na taa ilikuwa imezimika. Jeneza likashushwa kwa kamba. Jeska alisema, "Bwana, mpokee." Upendo alichota udongo kwa mikono miwili, akautupa, akasema, "Kwaheri, baba. Jibu nimelipata." Wanaume wakafukia. Beseni la maji likaletwa kama ilivyo desturi, wote wakanawa mikono, na watu wakaanza kuteremka.