Programu Niliyoizoea

Kosa langu la mwanzo, nilipokuwa najifundisha kompyuta peke yangu nyumbani Bububu, lilikuwa kuamini kwamba kitu nilichokizoea hakibadiliki.

Mfumo ninaoutumia una ghala la programu linalotunzwa na watumiaji wenyewe. Yeyote anaweza kuweka humo maelekezo ya kusakinisha programu, na hakuna anayeyakagua kabla. Kompyuta huuliza kila mara: unataka kuyasoma kwanza? Mwanzoni nikiyasoma mstari kwa mstari. Baadaye nikaacha. Nikalichukulia ghala lile kama sahani ya futari iliyotoka kwa jirani: unafunua kawa, unakula. Huulizi nani kapika.

Mdogo wake mama yangu alikuwa analima mwani Paje na kina mama wenzake, na mwani huo wakiutengenezea sabuni. Ukurasa wao wa kuuzia mtandaoni niliutengeneza mimi. Rangi ya herufi peke yake ilinikalisha mchana mzima. Siku moja nikataka kupunguza ukubwa wa picha za sabuni, nikasasisha programu ya picha niliyokuwa nayo muda mrefu. Jina lilikuwa lile lile. Sikujua kwamba aliyekuwa akiitunza alichoka akaiacha, na mtu mwengine akaichukua. Kompyuta ikauliza kama kawaida. Nikajibu hapana.

Maelekezo mapya yalikuwa na amri ya kukusanya nywila zangu zote na kumpelekea huyo mtunzaji mpya. Ukurasa ukachukuliwa. Wateja wakaandikiwa, kwa jina la mama mdogo, watangulize pesa. Wakatuma. Sabuni hazikufika.

Alikuja Bububu mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nambie, mwanangu, mie wizi nimeuanza lini? Maana Paje nzima washajua, nimebaki mwenyewe tu sijajua."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akalia. Nikamweleza habari za ghala, za jina la zamani na mtu mpya.

"Kwa hiyo mtu humjui, ukampa ufunguo?"

"Sikumpa, mama. Niliulizwa kama nataka kuangalia, nikasema hapana."

"Na wenzangu niwaambieje? Kompyuta imeniibia?"

"N'takwenda mwenyewe, niwaeleze."

Nilikwenda Paje. Walinisikiliza kwa adabu, wakanipa chai. Mmoja akasema, "Tumekusikia, mwanetu." Maji ya bahari yalipokupwa wakaanza kuitana mlango kwa mlango waende mashambani kwao baharini. Mama mdogo alikuwa kashajifunga kanga, kasimama kizingitini kwake. Walipita. Hakuna aliyemwita.

Siku hizi nasoma maelekezo yote kabla ya kuruhusu kitu, na nisichokielewa sikisakinishi. Ukurasa ule haukurudi. Mama mdogo halimi tena mwani. Analima muhogo nyuma ya nyumba, peke yake.