Mwenye Fisi wa Segese

Nilipopigiwa simu kutoka Segese kwamba Mwenye Fisi amefariki, nilicheka kwanza, Mungu anisamehe, ndipo nikaumia. Jina lake halisi wengi hawakulijua. Alikuwa afisa wanyamapori, mvivu kiasi, mpenda nyama choma, na bunduki ya ofisi aliibeba kama mwamvuli siku isiyo na mvua. Sikusikia hata mara moja kwamba amempiga risasi hata ngiri.

Jina hilo alilipata kwenye mkutano wa kijiji, nami nilikuwepo kuandika habari. Fisi alikuwa anamaliza mbuzi wa watu, na wakubwa wilayani walitaka maoni ya wananchi: auawe au aachwe? Afisa akaomba mikono. Wanaotaka auawe, kimya. Wanaotaka aachwe, kimya. Mgeni angedhani watu wetu hawana maoni, kumbe walikuwa nayo tele. Kwetu fisi anayezoea nyumba za watu husemwa ana mwenyewe, mchawi anayemfuga. Ukitaka auawe, mwenyewe anakusikia. Ukitaka aachwe, basi mwenyewe ni wewe. Umati mzima ukakalia mikono yake, na watu wakaanza kumtazama mjane mmoja mzee aliyekaa peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Sote tulijua bibi kama huyo hufanywa nini mkutano ukiisha. Nilijua, nikaendelea kuandika. Naona haya hadi leo.

Afisa akafunga daftari.

"Msihangaike kumtafuta mwenye fisi," akasema. "Ni mimi. Sheria inasema wanyamapori wote ni wa serikali, na hapa serikali ni mimi. Mwenye neno na fisi, ana neno na mimi. " Akamgeukia yule mjane. "Mayu, mama yetu, wewe nenda nyumbani kapumzike."

Watu walimwamini kupita alivyotarajia. Watoto walimkimbia, na mama lishe wa stendi wakamtengea kikombe chake peke yake, jambo lililomuuma sana mlafi yule. Fisi alipogongwa na lori la kwenda Isaka, watu walikwenda ofisini kumpa pole ya msiba, wengine kwa dhati kabisa.

Siku hizi maoni ya wananchi hukusanywa kuhusu kila mnyama, kwa fomu na semina zenye soda. Kwake nilijifunza kwamba kabla ya kuwauliza watu wanataka nini, ujue kwanza wanamwogopa nani.

Yule mjane alikuja mazishini kwa miguu yake. Wapo walionong'ona kwamba amemsindikiza mwenzake. Waache wanong'one, alikuwa hai, akawasikia.