Fundi redio wa Tunduma aliyeuweka mwangwi wa Iyula kwenye pedali

Severini Nzunda wa Iyula alikuwa karani wa mizani katika ghala la kahawa kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mkulima aliyewahi kulalamika kwamba amepunjwa hata nusu kilo. Mwanawe Abrahamu alikuwa mwalimu wa kwaya, na mtu wa kwanza kijijini kumiliki redio ya betri, ambayo kila jioni aliiweka dirishani ili majirani nao wasikie taarifa ya habari. Abrahamu ndiye aliyemzaa mwandishi wa makala haya, aliyeshika chaki kwa miaka thelathini na minane na kustaafu bila doa.

Majina hayo yanatajwa ili msomaji ajue tangu mwanzo kwamba anayesimulia ni babu, anayesimuliwa ni mjukuu wake, na kwamba huyo mjukuu hakuokotwa barabarani.

Saa kumi na mbili asubuhi, mjini Tunduma. Ukungu umelala juu ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Zambia. Ndani ya kibanda cha mabati, Scola Nzunda, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anasimama mbele ya sanduku dogo la mbao lenye antena mbili. Ya kulia imesimama wima. Ya kushoto imekunjwa kitanzi na kulala ubavuni.

Scola hagusi kitu. Anainua mkono wa kulia taratibu, kama mtu anayetafuta uzi wa buibui usoni mwake, na hewa inaanza kuimba.

Sauti hiyo ni nyembamba, ndefu, haina pumzi wala meno. Inapanda juu ya injini za malori, inatulia hapo, kisha inajirudia yenyewe kwa mbali, kama imeitwa kutoka ng'ambo ya bonde.

Dereva mmoja, mswaki mdomoni, anachungulia mlangoni na kusalimia kwa Kibemba.

"Mulishani, dada! Anayeimba ni nani?"

"Ni mimi."

"Mbona mdomo umefunga?"

"Umepumzika," anajibu Scola kwa mnong'ono. "Wewe suuza wa kwako."

Dereva anacheka hadi povu la dawa ya meno linamdondokea kifuani.

Chombo hicho kinaitwa theremini. Mkono wa kulia ukiikaribia antena ya wima, sauti hupanda. Ukirudi nyuma, hushuka. Mkono wa kushoto ukishuka kwenye kitanzi, sauti hufifia hadi kimya kabisa. Mwili wa mpigaji ni sehemu ya chombo. Hata akipumua kwa nguvu, sauti hutikisika.

Kwa nini fundi wa redio na spika, ambaye siku njema humwingizia shilingi elfu kumi na tano, ajifunze kupapasa hewa? Jibu liko shingoni mwake, katika kovu jembamba linalofanana na mkufu.

Tangu akiwa na miaka kumi na sita, Scola alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lao. Miaka sita iliyopita alifanyiwa upasuaji wa rovu. Madaktari walimweleza mapema kwamba neva ya sauti iko karibu mno na uvimbe, naye akatia saini akijua. Alipona, ila sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono ambao, kwa maneno yake mwenyewe, "unafaa kumwamsha mtoto, haufai kumwimbia Mungu mbele za watu."

Hakuacha kwenda mazoezini. Kwa miaka minne alikaa kwenye benchi lake la zamani, akifungua mdomo bila kutoa kitu.

"Nilikuwa naimba kwa ndani," anasema. "Jirani yangu alikuwa ananiambia, Scola, leo umeimba vizuri. Tunacheka. Halafu nikifika nyumbani silali."

Theremini aliipata kwa dereva aliyeinunua ndani ya robota la vifaa chakavu na kushindwa kuiuza pande zote mbili za mpaka. Wengine walidhani ni kipimo cha umeme, wengine mtego wa nyuki. Scola aliifungua, akaona mitambo miwili midogo inayotetemeshana, na akacheka peke yake: ile redio ya kale ya Abrahamu, baba wa babu yake, ilipiga mluzi vivyo hivyo mkono ulipoisogelea. Alibadilisha vipuri vitatu. Sauti ya kwanza iliyotoka, anasema, ilikuwa yake kabisa, "ila ilikuwa imesimama uchi."

Hapo ndipo habari ya pedali ilipoanza.

Boazi Siame, mpiga gitaa wa bendi moja ya mjini, ana sanduku zima la pedali, yaani vile visanduku vya chuma vinavyowekwa chini na kukanyagwa ili kubadili sauti ya chombo. Alizileta kibandani, akazipanga sakafuni kama muuza viatu.

Siku ya kwanza zote zilikoroma. Scola alilijua kosa kabla Boazi hajamaliza kulaumu waya: pedali za gitaa huzoea chombo chenye sauti dhaifu, na theremini inapiga kelele. Akachomeka kipuri kidogo cha kupunguza nguvu mwanzoni mwa msururu, na mkoromo ukaisha.

Boazi alimwanzishia pedali ya kukwaruza. "Hii, dada Scola, ndiyo vijana wanaitaka. Sikia moto huo!"

Scola aliinua mkono. Kibanda kizima kiliunguruma.

"Hilo ni lori linashuka mlima bila breki," akasema. "Tunayo ya kutosha hapo nje, kaka. Nyingine."

Ya pili ilikuwa ya kuigiza ukumbi mkubwa. Hiyo ilimpendeza kibandani. Alipoijaribu kanisani aliitoa. "Kanisa letu lina ukumbi wake tayari," alieleza. "Ni kama kumvika mtu makoti mawili, anatokwa jasho bure."

Ya tatu ilikuwa ya mwangwi. Hiyo humeza kila noti na kuitoa tena baada ya muda ambao mpigaji ameupanga kwa kitasa cha kuzungusha. Scola alikaa nayo wiki mbili, akizungusha kile kitasa, asiridhike. Ukiwa mfupi, sauti ilipata kigugumizi. Ukiwa mrefu, ilikuwa kama mtu wa pili amechelewa ibada.

Ndipo alipompigia simu babu yake.

"Shikamoo, babu. Ile saa yako bado inatembea?"

"Marahaba. Saa yangu haijawahi kusimama tangu niinunue. Kuna nini?"

"Nataka twende Iyula, ukanipimie bonde."

Msomaji atawazia jinsi mzee wa miaka sabini na minane, aliyezoea mambo yenye kichwa na miguu, alivyolipokea ombi hilo. Lakini tulikwenda. Nyuma ya shamba letu la kahawa kuna bonde jembamba, na ng'ambo yake ukuta wa mwamba. Scola alipokuwa mtoto alisimama pale wakati wa kuchuma, akaimba, na mwamba ukamjibu. Wachumaji waliacha vikapu kumsikiliza yeye na mwenzake asiyeonekana.

Saa ya mkono haiwezi kupima kitu kilicho chini ya sekunde moja. Mjukuu alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Alipiga kofi, mwamba ulipojibu, akapiga la pili papo hapo juu ya lile jibu, kisha la tatu, hadi nafasi kumi zikatimia. Babu yake alihesabu sekunde nane kamili. Kofi moja basi hurudi baada ya sehemu nane za kumi za sekunde.

Maua ya kahawa yalikuwa yamefunguka asubuhi ile, bonde lote jeupe, na kofi la mwisho liliendelea kutembea ndani ya weupe huo kwa muda ambao saa haikuupima.

Jioni hiyohiyo Scola alikifunga kitasa cha pedali hapo, akakipaka tone la rangi ya kucha ili kisisogee. Marudio mawili tu. La tatu, anasema, hufunika neno linalofuata.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka jana wazee wa kanisa walimruhusu kupiga wimbo mmoja mahali pa sauti ya kwanza. Maandalizi yalikuwa makini. Sauti ya theremini isiyounganishwa vizuri na ardhi kwa waya hutangatanga, basi Scola alizika fimbo ya shaba nyuma ya kanisa, akaizungushia mkaa na chumvi ya Ivuna ili udongo ushike unyevu. Chumvi hiyo aliletewa na Mbuke, mama mfugaji wa hukohuko Ivuna, kama ahsante ya kutengenezewa redio.

Ubeti wa kwanza watu walishika pumzi. Ubeti wa pili Bibi Leah, mjane wa miaka themanini, akashindwa kuvumilia. Alinyanyuka, akapiga vigelegele, akaja mbele akicheza, noti ya fedha mkononi, kumtuza mwimbaji kama ilivyo desturi. Akina mama kumi na zaidi wakamfuata.

Hapo kila kitu kiliharibika. Theremini haijui tofauti ya mkono wa mpigaji na kifua cha bibi anayekuja kumbariki. Kila mwili uliosogea uliipandisha sauti. Wimbo ukageuka mlio wa mbuzi, kisha king'ora. Watoto waliangua kicheko. Bibi Leah alisimama katikati ya njia, noti hewani, asijue amekosa nini.

Mzee Amoni Simkoko, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alinyanyua fimbo yake.

"Zima. Chombo kinachowapigia yowe wanaokuja kutoa, hakina adabu. Kikijifunza, kitarudi, mara moja tu. Kikilia tena hivyo, hakitaingia humu, na sauti ya kwanza atapewa binti mwingine."

Mwalimu wa kwaya alipendekeza wafunge kamba mbele ili watu wasikaribie. Scola alikataa.

"Mama amenyanyuka na elfu mbili yake kuja kunigusa paji la uso, mimi nimwekee kamba? Kosa si lake. Kosa ni la fundi, na fundi ni mimi."

Akarudi kwa Boazi. Mara hii alijua anachotafuta: pedali inayoishika noti moja na kuiendeleza hadi atakapoiachia. Alipanga hivi. Watu wakinyanyuka, ataishika noti ya mwisho kwa mguu, na papo hapo atashusha mkono wa kushoto kwenye kitanzi. Chombo kitanyamaza, hata kanisa zima likisogea kitanyamaza. Noti itabaki inaelea ndani ya pedali.

Ikabaki shida ya mguu. Kunyanyua unyayo huuyumbisha mwili, na mwili ukiyumba noti hupotea kabla haijashikwa. Scola alichonga wenzo mrefu wa mbao, akaulaza sakafuni ili kisigino kikae pale tangu mwanzo na kukandamiza kwa uzito kidogo tu. Pedali zenyewe alizisogeza kushoto, mbali na antena ya wima, kwa kuwa chuma nacho huivuta sauti. Ile pedali ya kushika noti ilimgharimu mapato ya miezi miwili, na kwa miezi mitatu alifanya mazoezi kila asubuhi, watoto wa jirani wakilipwa pipi kuja kumkimbilia ghafla.

"Mara ngapi ulikosea?" aliulizwa na mwandishi.

"Babu, uliza mara ngapi nilipatia."

Jumapili ya jaribio la pili ilikuwa mwezi uliopita. Mzee Amoni alikaa benchi la mbele, mikono juu ya fimbo. Bibi Leah alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Tangu mavuno hakuwa amenyanyuka kumtuza mtu yeyote.

Ubeti wa kwanza ulipita, bonde la Iyula likijibu nyuma ya kila mstari. Ubeti wa pili ukapita. Hakuna aliyethubutu kusimama. Scola alifika kwenye noti ya juu ya ubeti wa tatu, akaishika kwa kisigino, akaushusha mkono wa kushoto, kisha akautoa mkono wa kulia hewani na kuunyoosha kuelekea mlangoni, kwa Bibi Leah.

Noti iliendelea kuimba bila mtu.

Bibi Leah alikuja polepole, hatua kwa hatua, akisubiri yowe. Halikuja. Alifika, akainua mkono, akaibandika noti yake ya fedha kwenye paji la uso la Scola, akaiacha hapo. Kisha akasimama ndani ya ile sauti, macho amefumba, kama mtu aliyesimama kwenye mvua ya kwanza.

"Inaniruhusu," alisema, na kanisa zima lilimsikia.

Vigelegele vilipasua paa. Benchi baada ya benchi lilikuja, na noti ikawa inawangoja wote. Wa mwisho alikuwa Mzee Amoni. Aliisogelea antena karibu kuliko yeyote, akainamisha sikio, akajaribu hata kuipungia kofia yake. Noti haikutikisika.

"Sasa kina adabu," alisema. "Sauti ya kwanza, Alhamisi mazoezi ni saa kumi. Usichelewe."

Scola aliuachia wenzo, akainua mikono, na ubeti wa nne ukaendelea pale ulipoachwa.

Leo kibandani, kati ya redio mbili zilizofunguliwa, kuna sanduku la pili la mbao ambalo halijakamilika. Scola analijenga yeye mwenyewe kwa vipuri vya redio mbovu, kwa ajili ya mwalimu mmoja wa Nanyala aliyepoteza sauti kwa ugonjwa kama wake. Pedali ya mwangwi ataiacha bila rangi ya kucha.

"Nitamwambia akapime bonde la kwao," ananong'ona.

Vijana, sikilizeni, na msikilize mkiwa mmekaa wima. Huyu alipewa kamba awafungie wazee nje ya wimbo wake. Akaikataa, akarudi mezani kukitengeneza chombo upya kwa miezi mitatu. Nanyi chombo chenu kikigongana na heshima ya nyumbani, anzeni kwa kukifungua chombo. Na kabla ya hapo zimeni simu, mwende kwenye bonde mlilozaliwa, mpige makofi, wala msiondoke mpaka mmelihesabu jibu lake.