Siku Niliyoliinua Trekta kwa Jiwe la Tiwi

Mwanangu, nimesikia umenunua trekta dogo na unataka kubadilisha magurudumu yake ya nyuma mwenyewe, bila fundi. Vizuri. Lakini kabla hujashika spana, kaa kidogo nikusimulie, kwa sababu ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimerudi Tiwi kutoka Maskati, nilikofanya kazi miaka minane, mchana nikifungua na kufunga mitambo ya watu, jioni nikisoma, mpaka nikapata diploma na fedha za kununua trekta dogo. Sikusaidiwa na mjomba wala na mbunge. Kijijini kwetu wakati ule hakukuwa na mwingine mwenye diploma na trekta, na sikuona sababu ya kulificha jambo hilo. Diploma niliitia ndani ya nailoni, nikaiweka kwenye sanduku la spana, nikawa nakwenda nayo kila mahali. Watu wakaniita Injinia. Baadhi yao walikuwa wakicheka wanapolitamka, lakini jina ni jina.

Nilikuwa namtaka Mwanasiti, binti wa Mzee Kassim. Mzee huyu alikuwa mkata mawe. Yale mawe meupe ya matumbawe yanayojengewa nyumba huku kwetu, alikuwa akiyachimba na kuyachonga tangu ujana wake. Alikuwa pia na shamba la mahindi. Nilipompelekea habari ya posa alinisikiliza, akaimaliza kahawa yake, kisha akasema, "Shamba langu limeingia magugu. Ijumaa, kabla ya swala, nataka liwe safi, na usinilazie mmea hata mmoja. Ukiweza, walete wazee wako. Usipoweza, kalioe trekta lako."

Tatizo lilikuwa moja. Mistari yake ya mahindi ilikuwa mipana kuliko nafasi ya magurudumu yangu. Gurudumu moja lingepita njiani, la pili lingepanda juu ya mahindi. Dawa yake ni rahisi. Ringi ya trekta dogo imebonyea upande mmoja. Ukilitoa gurudumu la kushoto ukalifunga kulia, na la kulia ukalifunga kushoto, yote mawili yanasogea nje na trekta linapanuka. Ni kazi ya saa mbili tatu kwa mtu mwenye akili. Mimi ilinichukua kutwa nzima.

Alhamisi asubuhi nikaliingiza trekta uani kwa Mzee Kassim. Ningeweza kuifanya kazi ile kwetu, lakini kwetu Mwanasiti asingeniona. Uani pale ni mchanga mtupu. Nikaiweka jeki juu ya ubao, nikaliinua trekta upande wa kulia, nati zikiwa bado zimekaza. Magurudumu ya mbele sikuyatia kabari. Kisha nikachukua jiwe moja la Mzee kwenye lundo lake, nikalisimamisha chini ya ekseli, nikaishusha jeki ili uzito wote ukae juu ya jiwe. Hapo ndipo nilipoanza kupigana na nati. Nilivuta spana mpaka trekta likayumba, na unga mweupe ukawa unadondoka kutoka kwenye jiwe. Niliuona, nikaupuuza. Gurudumu likatoka. Nikaliegemeza ukutani, nikakaa mchangani, mguu mmoja nimeunyoosha chini ya ekseli, nikawa nasugua kutu taratibu kama mtu aliye kwake.

Mzee Kassim alikuwa barazani ananoa shoka. Akaliweka chini.

"Injinia," akaniita. "Jiwe hilo nimelikata mimi."

"Ndiyo, Mzee. Nitalirudisha."

"Silidai. Nakwambia halifai kazi hiyo."

"Mzee, mawe haya yanabeba ghorofa kule Diani."

"Yanabeba kwa sababu yako mengi na ukuta umeyalalia yote. Chuma chako kimelikanyaga moja, tena kwa kisigino. Na ghorofa hakuna anayekuja kuivutavuta akitafuta nati."

"Mambo haya yana hesabu zake, Mzee. Nimeyasomea."

"Basi toa mguu huo ndipo uhesabu. Mkwe wa mguu mmoja wa nini mimi? Mbuzi wangu wana mbio."

Ndani ya nyumba nikamsikia Mwanasiti anacheka na mama yake. Mwanangu, mtu aliyekaa Maskati miaka minane hachekwi hivi hivi. Nikaona jambo hili limalizwe kwa ushahidi. Nikautoa mguu, nikasimama, nikajipangusa mchanga, nikasema, "Ngoja nikuoneshe diploma yangu."

Sanduku nilikuwa nimeliacha karibu na mlango, hatua sita hivi. Nilikuwa nimeinama, naitoa nailoni yangu chini ya spana, niliposikia mlio mkavu kama wa mtu anayetafuna barafu. Nikageuka. Jiwe lilikuwa limekuwa unga. Ekseli ilikuwa imelala mchangani, pale pale mguu wangu ulipokuwa, na trekta limeinamia upande kama mtu anayetega sikio mlangoni.

Hakuna aliyecheka. Nikabaki nimesimama, diploma nimeikumbatia kifuani.

Mzee Kassim akaja. Akautazama unga, akautazama mguu wangu, kisha akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaigeuza mbele na nyuma.

"Karatasi nzuri," akasema. "Leo imekuokolea mguu. Irudishe, ukalete mbao."

Mpaka leo, mtu akiniambia elimu yangu haikunifaa, hiyo ndiyo habari ninayomsimulia.

Tukaliinua trekta upya kwa jeki, tukapanga vipande vya mbao nene, viwili kwa urefu, viwili vya kukatiza juu yake, mpaka vikaifikia ekseli. Kisha tukafanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Kufikia alasiri magurudumu yote mawili yalikuwa yamefungwa. Mwanasiti akatuletea chai. Akalizunguka trekta kwa nyuma, akasimama.

"Injinia," akasema, "asubuhi meno ya tairi yalikuwa yanatazama mbele. Sasa yanatazama nyuma. Ndivyo ulivyosomea?"

Babake akapatwa na kikohozi kirefu.

Kwa ile hofu, kila gurudumu nilikuwa nimeligeuza na kulirudisha upande wake ule ule, badala ya kuyabadilishana. Trekta lilikuwa limepanuka sawasawa, lakini shambani lingeteleza kama lililopakwa mafuta. Nikafungua tena. Safari hii kila nilipotaka kufanya kitu nilimuuliza Mzee kwanza, na magurudumu tuliyaviringisha watu wawili.

Ijumaa nilipalilia kwa trekta. Mzee Kassim alinifuata nyuma kwa miguu, mikono mgongoni. Nilipomaliza nikazima injini, nikashuka. Nilikuwa nimeyahesabu mwenyewe.

"Mzee, nimelaza mahindi manne."

"Nimeyaona," akasema. "Nimekuona pia mstari wa tatu, ulivyosimama ukazikaza nati bila kuambiwa na mtu." Akauinua mmea mmoja uliolala, akaukandamizia udongo. "Jumapili walete wazee wako. Waje kwa miguu. Trekta liache nyumbani."

Basi, mwanangu, shika haya. Tafuta mahali pagumu na tambarare. Funga breki, toa ufunguo, tia kabari magurudumu ya mbele. Ekseli ya mbele ya trekta dogo hucheza katikati kama mizani, kwa hiyo ibane pande zote mbili kwa vipande vya mbao. Legeza nati gurudumu likiwa bado chini. Ukishainua, egemeza trekta kwenye vyuma vilivyotengenezwa kushikilia gari au mbao nene zilizopangwa, usitumie jiwe wala tofali, wala usiiachie jeki peke yake. Mwili wako usiingie chini. Gurudumu likikuangukia, liache lianguke, usilizuie. La kushoto liende kulia, la kulia liende kushoto, na yatazame meno kabla ya kukaza. Kaza nati kwa kukatiza, moja kisha ile inayoielekea, na ukishafanya kazi kidogo simama uzikaze tena. Na akikusemesha mtu asiye na diploma, nyamaza umsikilize mpaka amalize, kwa sababu huenda jiwe ulilolisimamisha amelikata yeye.

Mwenyezi Mungu akubariki, akutie nguvu mikononi na subira moyoni, akupe wakwe wasioona haya kukukosoa, na kila utakachokiinua kishuke siku zote kwa amri yako.