Shimo Lililokataa Kupata Joto

Binti yangu anafanya kazi jikoni katika hoteli moja Nanyuki. Mimi humwita mama, kwa kuwa alipewa jina la mama yangu. Krismasi alikuja na chakula kwenye sahani zilizotengenezwa kwa makapi ya miwa. Tulipomaliza kula akazitupa kwenye shimo la mbolea, nyuma ya shamba la kahawa.

"Hizi zinageuka udongo, baba. Nikirudi hutaziona."

Tangu mke wangu afariki, binti huyu hana wimbo mwingine: nihamie kwake. Kila akija huuliza mkoba wangu uko wapi anipakie nguo, nami huuficha. Nikafanye nini Nanyuki, nihesabu wanajeshi wa kambi ya huko wakipita? Kahawa hii ya hapa Gakindu tuliipanda wawili, mimi na mke wangu. Kwa hivyo kila aliponipigia simu kuuliza nimekula nini, nilimwambia mukimo wa viazi vya kuponda, githeri, hata nyama. Uongo mtupu! Kumpikia mtu mmoja kunaniuma. Nikiinjika sufuria, naangalia kile kigoda cha marehemu, halafu nazima moto. Nakunywa chai na mkate, nalala.

Mifuko ya mkate ilikuwa imeandikwa kwamba inaoza, basi nayo nikawa naitupa shimoni.

Mvua zilipoisha binti alirudi, akaenda shimoni na jembe hata kabla ya kunywa chai. Sahani zake zilikuwa nzima.

"Ati udongo!" nikamcheka. "Wamewadanganya huko hotelini."

Yeye hakucheka. Alivuta mfuko wa mkate, ukamkatikia mkononi vipande vipande.

"Huu ndio umewadanganya watu, baba. Kuoza kwake ni kukatika tu, vipande vinabaki shambani. Sahani zinakuwa mbolea kabisa, lakini zinataka shimo lenye joto. Maganda, majani, samadi, maji."

Akavuta mfuko mwingine, na mwingine tena. Nikamwambia aache, atachafuka. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Enzi za mama yake, shimo lile lilikuwa likifuka mvuke asubuhi.

"Ni baridi," akasema. "Hakuna hata ganda moja la kiazi. Baba, huo mukimo unaupika na nini?"

Nilitazama kahawa.

"Nimechoka kula peke yangu, mama."

Sikuwa nimewahi kulisema hilo, hata kimoyomoyo. Alijifuta mkono kwenye nyasi, polepole.

"Mkoba wako uko wapi?"

Safari hii nilimwonyesha.