Mkutano wa Kibao Kimoja

Tangu Mama Mikono aondoke, cherehani ya karibu na dirisha haikaliwi na mtu. Mashine ile ilikuwa na kikohozi chake, na siku hizi ukimya wake hushusha sauti hata za wapiga soga.

Alishona mikono ya mashati. Kola hakuzijua, vifungo havikumhusu. Ujana wake wote ulipita akiunganisha mikono na mabega ya watu asiowajua. Kando yake alikaa wifi yake, mjamzito, tumbo likigusa meza. Kiwanda kizima kilikuwa na kibao kimoja cha ruhusa ya choo, kipana kama cha kukatia nyama, kimetundikwa kwa kamba msumarini nyuma ya msimamizi. Bila kibao huendi. Na wifi alishaonywa: akikizoea zaidi, atabaki nyumbani.

"Wifi, mwenzio mtoto kanikalia kwenye kibofu."

"Jikaze. Leo chama kinakutana, tulimalize jambo hili la kibao."

"Kitakutania wapi? Hata kiti hatuna."

"Chooni."

Katiba ya chama cha wafanyakazi ilitaka zaidi ya nusu ya wanachama wawe mahali pamoja ndipo dai liwe halali, na kiwanda kilikataza mikutano ndani ya uzio. Lakini msimamizi, mama mwenye jicho kali, alilinda kibao, si watu. Kibao kikirudi msumarini, kwake mtu amerudi.

Basi Mama Mikono akaenda nacho, akakitoa kwa dirisha la choo. Mama wa usafi akakipokea huko nje, akakitundika. Akafuata wa kola. Akafuata wifi. Mpaka chai ya asubuhi inapoa, wanawake walikuwa wamebanana chooni hata wa kukohoa aliomba nafasi, na ukumbini mashine zimenyamaza. Msimamizi alikitazama kibao, moyo wake umetulia.

Meneja akashuka mbio. "Watu wako wapi?"

"Wapo, bosi. Kibao si hiki hapa?"

Akafuata vicheko, akashika kitasa cha choo.

"Samahani, bosi," msimamizi akasema kwa adabu. "Na kibao?"

Sheria aliiweka mwenyewe. Akarudi, akakivaa shingoni, akaingia, mguu mmoja ukaishia ndani ya ndoo.

"Karibu, baba, usimkanyage wifi," alisema Mama Mikono. "Tunataka mtu aende haja akibanwa. Basi."

"Njooni ofisini tuzungumze."

"Huko hatutatosha. Hapa tumetimia."

Alijaribu kugeuka, akashindwa. Nyuma yake wengine wawili walishaziba mlango. Jasho likamtoka. Mwisho akakivua kibao, akamkabidhi Mama Mikono. "Chukueni. Nendeni mnavyotaka. Nipisheni."

Wifi alifanya kazi mpaka siku ya kujifungua, akarudi baada ya likizo. Mama Mikono aliachishwa kazi mwezi uleule wa mkutano. Kosa lake, walisema, ni kuwa chooni wakati kibao kiko msumarini. Kosa hilo walilifanya wote, lakini waliona mmoja anatosha.

Chama bado kinadai arudishwe. Kwa sasa anashona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba ya kaka yake.