Kitenge Tulichokificha

Katika kikundi chetu cha kuimba, pale chuoni Rumonge, kando ya ziwa, sare mpya haikuonekana mpaka siku ya onyesho. Wimbo ukisikika dirishani tulisamehe. Kitenge, hapana. Basi wiki moja kabla ya onyesho, wapinzani wetu walipoingia ukumbini wamevaa kitenge chetu kilekile, kijani chenye samaki wa njano, nikajua tuna msaliti.

Na nikajua ni nani. Rafiki yangu wa sauti ya pili, aliyesimama kando yangu miaka miwili, alikuwa mwenyeji wa mjini, na fundi wetu alikuwa shangazi yake. Mimi nililelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na watu wa mjini nilikuwa nawatazama kwa jicho la pembeni. Akicheka, niliona ananicheka. Akinyamaza, niliona anaficha. Aliponiletea ndagala, dagaa wetu wa ziwani, za kukaanga nilisema moyoni, hii ni rushwa. Nilizila hata hivyo.

Kwenye mkutano wa kikundi nilisimama mimi.

"Kitenge ilipita mikononi mwa nani? Fundi iko shangazi yake!"

Rafiki yangu akafunga daftari lake la nyimbo.

"Sawa. Murakoze," akasema, kana kwamba ananishukuru, akatoka. Nikawaambia wenzangu, mnaona, hana la kusema.

Siku ya onyesho tuliimba na mashati meupe ya chuo. Kila nilipopandisha sauti, kando yangu palikuwa kimya, na wimbo ukachechemea mpaka mwisho. Niliona aibu, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Tulipotoka, kiongozi wa wapinzani akanishika mkono.

"Kitenge yenu ilitupendeza sana, dada. Tuliiona pale ku mwalo, imeanikwa karibu na ndagala. Tukasema hawa wameiacha, tununue na sisi, mutu hawezi kuanika siri ku muchanga."

Kambini mama alinifundisha kwamba kitenge kipya hufuliwa kabla ya kushonwa, kisije kikarudi na kuwabana watu. Kabla ya kukipeleka kwa fundi nilikifua ziwani, pale mwaloni penye mitumbwi, nikakitandaza mchangani mchana kweupe, nikakaa nakilinda kisiibwe. Wezi niliwawazia. Macho ya watu sikuyawazia kabisa.

Nilimkuta rafiki yangu kwa shangazi yake, anapinda sketi. Nikamweleza yote, nalia.

"Nilikuona siku ile," akasema. "Nilikuja kununua ndagala, nikakuona umekaa pale na vitenge."

"Sasa mbona hukusema ku mkutano?"

"Nilikuwa nangojea useme weye."

Nilimwambia nitakwenda kwa wenzetu, nitakiri mbele yao wote, arudi tu. Akakata uzi kwa meno.

"Nirudi nisimame kando ya nani?"